Baba Yake ni wa Polisi

Ukizunguka soko la Kibuye Jumapili utagundua kwamba hapa hakuna kitu kinachouzwa bila asili yake kutajwa. Shati la mtumba ni kamera, limetoka kwenye bale la Uingereza. Kitanda ni mahogani, si mbao iliyopakwa rangi ifanane na mahogani. Omena ni ya Mbita, imeanikwa jana. Na kuku, ukiuliza bei halafu ushtuke, utajibiwa kwa neno moja linalofunga mjadala: kienyeji. Kuku wa kienyeji ana bei kuliko wa broila, na mama anayemuuza haoni haja ya kujitetea. Osuga, dek na apoth nazo ni mboga za kienyeji, na siku hizi hata hoteli kubwa zinaziandika kwenye menyu kwa majivuno.

Kwa mbwa, neno hilohilo ni tusi.

Mwaka jana, kando ya barabara hapo nje ya soko, jamaa mmoja alikuwa na vijibwa vitatu ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia. Alitaka elfu nane kwa kila mmoja. Nikamuuliza mbona bei iko juu hivyo. "Baba yake ni wa polisi. German Shepherd mwenyewe." Na mama? Akacheka. "Mama ni wa hapa tu, boss."

Sikununua, lakini ile "wa hapa tu" ilinikaa kichwani. Nilitaka kujua nani alitufundisha kuuliza baba wa mbwa, kwa nini tukishamjua baba tunatosheka, na kwa nini mama aliyebeba mimba na kunyonyesha hahesabiwi kwa sababu tu ni wa hapa. Mimi sikumaliza chuo, kwa hiyo nina uzoefu wangu wa jinsi watu wanavyomtazama kiumbe asiye na karatasi. Nikaanza kusoma, kwa simu na kwa vitabu vya kuazima. Historia niliyoikuta ni ya karatasi kuliko ya mbwa.

*

Neno la Kiingereza pedigree, ambalo wengi wetu tunalijua kama jina la chakula cha mbwa kwenye supamaketi, lilitoka kwa Kifaransa cha zamani: pied de grue, mguu wa korongo. Waandishi wa nasaba za matajiri wa Ulaya walizoea kuchora mstari mmoja unaogawanyika kama vidole, kuonyesha mzazi na watoto wake. Ukienda Dunga asubuhi utauona mchoro huohuo kwenye matope, pale ndege wa ziwa walipopita.

Mwanzoni mchoro huo ulikuwa wa watu: nani mtoto wa nani, nani atarithi shamba. Baadaye ukahamia kwa farasi. Mbio za farasi Uingereza zilikuwa na pesa nyingi, na palipo na pesa uongo haukosi. Mtu angeweza kumpa farasi wake umri wa bandia au baba wa bandia. Mwaka 1791 James Weatherby alianza kuchapisha General Stud Book, kitabu cha nasaba za farasi wa mbio. Mwaka 1822 kikafuata kitabu cha ng'ombe wa Shorthorn, kazi ya George Coates. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya nasaba ya mnyama ilikuwa kuzuia utapeli sokoni. Hilo hata Kibuye tungelielewa.

Lakini kulikuwa na kazi ya pili. Wafugaji wa Uingereza walikuwa wamejifunza kutoka kwa Robert Bakewell, mkulima aliyefariki 1795, kwamba ukitaka sifa fulani ishike kwenye kundi lako, pandisha ndugu kwa ndugu. Mfano unaotajwa sana ni wa fahali aliyeitwa Favourite. Alipandishwa kwa mama yake mzazi, Phoenix, akazaliwa jike aliyeitwa Young Phoenix. Halafu Favourite huyohuyo akapandishwa kwa huyo binti yake. Akazaliwa Comet. Mwaka 1810 Comet aliuzwa mnadani kwa gini 1,000, bei ambayo fahali alikuwa hajawahi kufikia.

Nilimsimulia waya, shangazi yangu, habari za Comet. Aliniangalia kwa muda, kisha akauliza kama huyo ng'ombe hakufa siku hiyohiyo.

Zamu ya mbwa ilifika Juni 1859, mjini Newcastle upon Tyne, kwenye maonyesho yaliyoshindanisha aina mbili tu za mbwa wa kuwinda ndege, pointer na setter. Kennel Club ikaundwa London 1873, na mwaka uliofuata ikatoa kitabu chake cha kwanza cha nasaba. Kabla ya hapo mbwa mzuri alikuwa yule aliyefanya kazi yake: amechunga, amewinda, amelinda boma. Kuanzia hapo, kwa wenye pesa, mbwa mzuri akawa yule ambaye wazazi wake wameandikwa.

Huyu German Shepherd anayetajwa kila siku mitaani Kisumu ana tarehe ya kuzaliwa ya kikaratasi. Aprili 1899, kwenye maonyesho ya mbwa Karlsruhe, Ujerumani, ofisa wa jeshi aliyeitwa Max von Stephanitz alimwona mbwa wa kuchunga aliyempenda, akamnunua papo hapo. Mbwa aliitwa Hektor Linksrhein. Mwenyewe mpya akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath. Mwezi huohuo von Stephanitz na wenzake wakaunda chama cha mbwa hao, na Horand akaandikwa kwenye kitabu kama namba 1. Mtoto wake maarufu, Hektor von Schwaben, akapandishwa kwa jike ambaye pia alikuwa mtoto wa Horand. Akazaliwa Beowulf. Beowulf akazaa watoto 84, wengi wao kwa majike waliokuwa watoto wa Hektor, yaani dada zake wa upande wa baba.

Kwa hiyo mtu akikuambia German wake ni safi kabisa, usafi anaousema ulipikwa ndani ya nyumba moja.

*

Reli kutoka Mombasa ilifika ufuko wetu Desemba 1901, na mahali hapa pakaitwa Port Florence kwa muda kabla ya jina la Kisumu kushika. Walowezi waliokuja na reli hiyo walikuja na mbwa wao. Karen Blixen, aliyefika 1914, anamtaja kwenye Out of Africa mbwa wake Dusk, deerhound aliyepewa kama zawadi ya harusi na kusafiri naye hadi Afrika. Wengine walileta makundi ya mbwa wa kuwinda mbweha wa Ulaya, wakawatumia kukimbiza bweha wetu kwenye nyanda za karibu na Nairobi, wenyewe wakiwa juu ya farasi. Walipotaka kusajili na kushindanisha mbwa hao, wakawa na klabu yao, East Africa Kennel Club. Klabu hiyo iliyozaliwa enzi za ukoloni ipo mpaka leo, na ndiyo inayotoa vyeti vya nasaba ya mbwa hapa Kenya.

Kisumu yenyewe ilipangwa kwa rangi: Wazungu Milimani, Wahindi katikati ya mji, Waafrika pembeni. Kile kibao cha Mbwa Kali kwenye geti, ambacho leo tunakichekea hadi kwenye tisheti, kiliandikwa kwa Kiswahili kwa sababu aliyekusudiwa kukisoma hakuwa Mzungu.

Mbwa wa upande wa pili wa geti walipewa jina moja: shenzi.

Neno hili lina safari yake. Kamusi nyingi zinalirudisha kwa Kiajemi, zangi, mtu mweusi. Pwani likawa mshenzi, mtu wa bara asiye Mwislamu na asiye na ustaarabu. Sisi watu wa ziwani tulikuwa washenzi kabla mlowezi wa kwanza hajashuka kwenye treni. Hilo tusimsingizie Mzungu peke yake. Alichofanya mlowezi ni kulichukua neno likiwa tayari, akalikata kichwa, akabaki na shenzi. Likaingia kwenye Kiingereza cha Kenya kwa maana ya kitu chochote cha ovyo: nyumba shenzi, kazi shenzi, mbwa shenzi. Mbwa shenzi alikuwa mbwa wa Mwafrika. Hakuhitaji kuwa mgonjwa wala mzembe ili aitwe hivyo. Alihitaji tu kukosa karatasi.

Kongo neno hilohilo lilipata bahati ya ajabu. Mbwa wadogo wa kuwinda wa msituni waliitwa mbwa wa basenji, yaani wa washenzi kwa matamshi ya huko. Waingereza walijaribu kuwapeleka kwao. Wale waliooneshwa London 1895 walikufa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine wakaonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts, watu wakafurika kuwatazama. Wakapewa kitabu chao na jina la kisheria: Basenji. Leo Basenji mwenye cheti ni mbwa wa watu wenye nazo. Msamiati ni uleule na mbwa ni yuleyule. Kilichoongezeka ni maandishi.

*

Wakati mbwa wa mlowezi anaandikiwa babu, mwanamume Mwafrika naye alikuwa anaandikiwa kitu. Sheria ya 1915 ya kuwasajili wenyeji, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kutembea na kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Humo mlikuwa na alama za vidole, kabila, mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Desemba 1921 watu wa Nyanza walikutana Lundha, kule Gem, kwenye mkutano uliozaa Young Kavirondo Association, vuguvugu ambalo wazee wanalikumbuka kama Piny Owacho, nchi imesema. Kufutwa kwa kipande kulikuwa miongoni mwa madai yao.

Sitaki kusema kwamba mlowezi alimpenda mbwa kuliko mtu. Ya moyoni mwake alikuwa nayo mwenyewe. Nazitazama tu zile karatasi mbili. Ya mbwa ilijibu swali la ametoka kwa nani. Ya mtu ilijibu swali la anamfanyia nani kazi. Ukikulia kwenye nchi iliyoanza hivyo, si ajabu ukaamini kwamba kuwa na babu ni kitu kinachotolewa ofisini.

Na hapa ndipo historia hii inaponichekesha, kwa sababu kama kuna watu duniani wasiohitaji kufundishwa nasaba, ni watu wa ziwa hili. Profesa Bethwell Ogot wa Gem, aliyefariki Januari 2025, alikwenda London kusomea udaktari wa historia wakati ambapo wasomi wengi waliamini kwamba Afrika isiyo na maandishi haina historia. Alichofanya ni kuketi na wazee, wakamtajia baba, baba wa baba, babu wa babu, ukoo baada ya ukoo. Akavilinganisha vizazi, akavihesabu kurudi nyuma, akapata takriban lini watu wa Ramogi walifika wapi. Kitabu chake, History of the Southern Luo, kilitoka 1967. Kimejengwa juu ya miguu ya korongo iliyochorwa kwa mdomo.

Ila nasaba hii ilikuwa na kazi tofauti kabisa na ile ya wafugaji wa Comet. Kwa Mjaluo, ukoo ni dhoot, maana yake mlango wa nyumba. Waswahili nao wana neno hilohilo kwa jambo hilohilo: utasikia mtu akisema yeye na fulani ni wa mlango mmoja. Na watu wa mlango mmoja hawaoani. Kabla ya ndoa, jagam, yaani mshenga, alikwenda huku na huku akiuliza: mama yake ametoka wapi, bibi yake ametoka wapi, kuna ugonjwa gani kwenye ile nyumba, kuna deni gani. Jina likitokea pande zote mbili, mambo yanaishia hapo. Atakayelazimisha anatafuta chira, ile laana inayomkausha mtu na watoto wake.

Weka sasa mambo mawili pamoja. Uingereza ya karne ya 19 ilisoma nasaba ya mnyama ili imkute ndugu na kumrudisha ndani. Nyanza ilisoma nasaba ya mtu ili imkute ndugu na kumkwepa. Chombo ni kimoja.

*

Waingereza wenyewe hawakuwa na amani na jambo hili. Charles Darwin, aliyeandika sana kuhusu mbwa na njiwa wa kufugwa, alikuwa amemwoa binamu yake wa kwanza, na alihofia afya ya watoto wake. Kabla ya sensa ya 1871 aliomba liongezwe swali kuhusu ndoa za binamu. Bunge likakataa.

Jibu la hesabu lilikuja 1922 kutoka kwa Mmarekani Sewall Wright, aliyekuwa akifanya utafiti wa mifugo kwa serikali. Wright alionyesha jinsi ya kuisoma nasaba na kutoa namba: uwezekano kwamba mtoto, kwa jeni yoyote ile, atapokea nakala ileile ya babu yuleyule kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Ukipandisha baba na binti, au kaka na dada wa tumbo moja, ni asilimia 25. Ndugu wa baba mmoja mama tofauti, 12.5. Binamu wa kwanza, 6.25. Shida ya nakala mbili zinazofanana ni kwamba jeni mbovu nyingi hulala kimya zikiwa moja. Zikikutana mbili, zinaamka.

Mwaka 2008 BBC ilionyesha filamu iliyoitwa Pedigree Dogs Exposed, kuhusu mbwa wenye vyeti vizuri na mwili uliojaa maradhi. Baada ya kelele zilizofuata, BBC iliacha kutangaza Crufts, na mwaka 2009 Kennel Club ikaacha kusajili watoto wa mama na mwanawe, baba na binti, au kaka na dada. Fikiria hiyo tarehe. Klabu ilianzishwa 1873. Kwa miaka zaidi ya 130 mtoto wa kaka na dada aliweza kupata cheti halali, wakati mbwa wa Nyalenda mwenye afya ya chuma ni shenzi.

Basenji ndiye aliyelipa wazi zaidi. Mbwa wachache waliotoka Kongo ndio waliokuwa chanzo cha wote walio Ulaya na Marekani. Ukazuka ugonjwa wa kurithi wa damu. Wafugaji wakawapima mbwa, wakawaondoa wote waliobeba jeni hiyo. Kundi likazidi kuwa dogo, na ugonjwa mwingine wa kurithi, wa figo, ukaenea. Mwishowe, miaka ya 1987 na 1988, wafugaji wa Kimarekani walifunga safari hadi Zaire kutafuta mbwa wa vijijini, wale wasio na baba aliyeandikwa popote. Mwaka 1990 klabu ya Marekani ikakubali kukifungua kitabu na kuwaingiza. Mbwa wenye karatasi waliokolewa na mbwa wa washenzi.

*

Yote haya yangebaki hadithi za simu kama si binamu yangu. Anaishi Manyatta, ana jike wa German Shepherd aliyemnunua kwa pesa za kuuza pikipiki, na mpango wake wa kulipa karo ya mtoto umesimama juu ya huyo mbwa. Jike alipokaribia joto, binamu akapata dume: mkubwa, mwenye cheti, mwenyewe akitaka elfu kumi na tano au achague mtoto mmoja. Binamu akaniletea picha za vyeti vyote viwili. "Wewe si unasoma hizi vitu? Niambie kama ni pyua."

Cheti cha vizazi vitatu kina majina 14: wazazi wawili, babu na bibi wanne, na wanane walio juu yao. Cha vizazi vitano kina 62. Tulikuwa na vya vitatu. Nikavinakili kwenye daftari, upande wa kushoto jike, upande wa kulia dume, kisha nikaanza kutafuta jina litakalojirudia. Halikukawia. Baba wa dume ndiye alikuwa babu mzaa baba wa jike.

Nikaanza kumweleza binamu habari za Wright na hesabu zake: dume, babu, baba, jike, nusu mara nusu mara nusu mara nusu, asilimia 6.25. Akanitazama tu. Nikaona nabwabwaja. Nikamwambia: "Huyu dume na baba ya mbwa wako ni ndugu, baba mmoja. Kwa hivyo huyu dume ni baba yake mdogo."

Akaruka. "Baba mdogo? Ai! Si hiyo ni chira?"

Hakuhitaji asilimia. Kila kitu ambacho Wright alikuja kukiweka kwenye hesabu, binamu alikuwa nacho tangu utoto. Hakuwahi tu kufikiri kwamba kinamhusu mbwa mwenye cheti. Cheti alikiona kama nembo kwenye begi: ipo au haipo. Hakujua kwamba kinasomwa.

Niseme ukweli, 6.25 si namba ya kutisha. Wafugaji wengi wangeendelea, na huenda watoto wangetoka wazima. Lakini vyeti vyetu vilikuwa vya vizazi vitatu tu, na kwenye mji ambao German wengi huenda wametokana na mabanda machache, huwezi kujua kizazi cha nne kinaficha nani. Tukaenda kumwona mwenye dume na maswali ambayo jagam angeyauliza. Babu alikufa na miaka mingapi, na kwa nini? Nyonga za dume zimepigwa eksirei? Amewahi kuzaa, na watoto wako wapi tuwaone wanavyotembea? Kuna aliyewahi kuuma mtu wa nyumbani? Chipu yake ina namba iliyo kwenye cheti? Mwenye dume alikuwa mtu mstaarabu, alijibu alichojua. Eksirei haikuwepo. Nyonga ndiyo ugonjwa wa German. Mbwa wa miaka mitano anaanza kuburuta miguu ya nyuma, na cheti chake hakikuwahi kusema lolote kuhusu hilo.

Binamu aliliacha joto hilo lipite. Kwake hiyo ni kama miezi sita bila mapato, na karo ya muhula ule aliikopa. Joto lililofuata alimpeleka jike kwa dume wa mji mwingine, ambaye hakushiriki jina hata moja kati ya yale 14, na ambaye nyonga zake daktari wa mifugo alizipitia. Walizaliwa saba. Wanunuzi wa kwanza waliuliza swali moja tu: baba yake ni wa polisi?

*

Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha utafiti wa jeni za mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Walitaka kujua kama mbwa hawa ni machotara wa mbwa wa Ulaya, mabaki ya ukoloni, kama wengi tunavyodhani tunapomwona mbwa wa rangi ya mchanga amelala chini ya meza ya bucha. Sehemu kubwa hawakuwa. Walikuwa uzao wa mbwa wa Afrika wa tangu zamani, na utofauti wa jeni ndani yao ulikuwa mwingi, akiba ambayo mbwa wengi wa vyeti walishaipoteza. Basenji aliangukia kundi lao. Kwa hiyo mbwa wa hapa tu ana babu, tena wa mbali kuliko Horand. Alichokosa ni mwandishi.

Na kumwandika mnyama wa hapa si wazo geni Kenya. Wafugaji wa ng'ombe wamelizoea. Kenya Stud Book, kitabu cha nasaba za mifugo, kina ngazi nne. Ng'ombe wa kienyeji akipandishwa na fahali aliyesajiliwa, bintiye anaandikwa ngazi ya chini. Binti wa binti anapanda ngazi. Hadi siku mjukuu anaitwa pedigree kamili, mama mkubwa wa ukoo akiwa zebu asiye na karatasi. Ndiyo maana tunasema ng'ombe wa gredi bila dharau yoyote. Kitabu cha ng'ombe kina mlango. Vya mbwa vingi vilifungwa kwa ndani.

Sitakushauri uwachukie German wala uchane vyeti. Mwenye cheti akisome, jina kwa jina, kama mtu anayeoza binti. Na mwenye mbwa wa hapa aanze kuandika. Kenya ina mpango wa kumaliza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na Kisumu na Siaya ni kati ya kaunti tano za kwanza kuchaguliwa kuuanza. Kwa mbwa wengi wa mji huu, kadi ya chanjo ndiyo karatasi pekee watakayowahi kupata maishani. Imeandikwa jina lake, rangi yake, mwenyewe na tarehe. Igeuze. Kwa nyuma, andika jina la mama yake.